Mshahara wa Hospitali na Pato la Kliniki: Nilivyolinganisha Namba Zisizolingana

Wiki moja kabla sijaandika barua ya kuacha kazi, nilichukua karatasi nikaipiga mstari katikati. Kushoto niliandika mshahara wangu wa mwaka pale hospitali. Kulia niliandika kiasi nilichokadiria kliniki yangu ingeingiza kwa mwaka: idadi ya wagonjwa kwa siku, mara ada ya kumwona daktari na vipimo vyake, mara siku za kazi. Namba ya kulia iliizidi ya kushoto zaidi ya mara mbili na nusu. Niliikunja ile karatasi, nikaitia mfuko wa koti, nikatembea nayo siku tatu nzima kama mtu mwenye habari njema asiyejua aanze kumwambia nani.

Niliyemwambia wa kwanza ni dada yangu mkubwa, ambaye ni mhasibu. Aliitazama kidogo tu, akaweka kidole kwenye namba ya kulia.

"Hii imeshakatwa?"

"Ikatwe nini?"

"Mdogo wangu, hii ya kushoto imeshalipa kila mtu ndipo ikakufikia wewe. Hii ya kulia haijalipa hata mtu mmoja."

Nilimsikia, ila sikumwelewa. Ilinichukua karibu miaka mitatu kumwelewa, na miaka hiyo ilinigharimu akiba yangu yote, usingizi mwingi, na sehemu ya utoto wa mwanangu ambayo hairudi. Naandika haya kwa ajili ya daktari aliye na karatasi ya namna hiyo mfukoni sasa hivi.

Kiasi chenyewe cha fedha hakitamsaidia msomaji aliye mahali pengine, kwa hiyo mshahara wangu wa mwisho pale hospitali nitauita 100, na hesabu nyingine zote nitazipima kwa huo. Makadirio yangu ya kliniki yalikuwa 260.

Nilikuwa nimeajiriwa miaka tisa. Kilichoniuma zaidi katika miaka ile ni ankara za wagonjwa. Nilikuwa naziona. Mgonjwa anakuja na karatasi yake, ananiuliza mbona kiasi ni kikubwa hivi, nami natazama mistari: kumwona daktari, kipimo, utaratibu mdogo wa kushona au kupasua jipu. Nyingi ya kazi hizo nimezifanya kwa mikono yangu. Jioni, kwenye chumba cha madaktari, tulikuwa tukipiga hesabu: leo nimeona wagonjwa 34, hospitali imeingiza kiasi hiki, na mimi kwa siku hii ninapata kiasi kile. Pengo lilikuwa kubwa, na kila mmoja wetu aliamini kwamba pengo lote lile ni faida inayokwenda kwa mtu fulani juu huko.

Hatukumhesabu dada wa mapokezi. Hatukumhesabu yule kijana wa ofisi ya bima aliyekuwa akishinda kwenye simu kutwa nzima, ambaye mimi sikuwahi kumjua jina. Hatukuhesabu wagonjwa waliotibiwa wakashindwa kulipa, wala vitendanishi, zile kemikali za kupimia maabara, vilivyopita muda wake vikatupwa, wala umeme wa friji za dawa usiku. Daktari aliyeajiriwa huona fedha inapoingia, kwa sababu inaingia kwa jina lake. Inapotoka haioni, kwa sababu inatokea milango ambayo yeye hapiti.

Na kulikuwa na mistari kwenye slipu yangu mwenyewe ya mshahara ambayo miaka tisa sikuisoma. Mchango wa mwajiri kwenye pensheni yangu: 12. Bima ya afya ya familia yangu: 5. Bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayomlinda daktari akishtakiwa na mgonjwa, haikuwamo hata kwenye slipu kwa kuwa hospitali ilinilipia moja kwa moja. Nilipokuja kuinunua mwenyewe niliijua bei yake: 4. Kwa hiyo mshahara wangu wa 100 kwa kweli ulikuwa 121, kabla sijagusa likizo yenye malipo na siku za ugonjwa.

Hiyo bima ya dhima ndiyo iliyonipiga pigo la kwanza, hata kliniki haijafunguliwa. Wiki mbili baada ya kukabidhi barua yangu, nilijulishwa kwamba mkataba wa bima wa hospitali hulipa madai yanayoletwa wakati daktari angali ndani ya mkataba. Mgonjwa niliyemtibu mwaka jana akileta madai mwaka ujao, mimi sitakuwa ndani. Kama nataka kulindwa kwa ajili ya kazi niliyokwisha kuifanya, ninunue kinga ya ziada. Nilitozwa kiasi kinachozidi ada ya mwaka mzima. Hakuna aliyenificha, ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba wa ajira niliousaini nikiwa na miaka 29 bila kuusoma mpaka mwisho. Daktari anayefikiria kuondoka aanzie hapo: aulize bima yake ni ya aina ipi, na nani analipa akiondoka. Aulize kabla ya kuandika barua.

Nilifungua. Vyumba vinne, muuguzi mmoja mkuu na mwingine wa kusaidia, mtu wa maabara, mtu wa mapokezi, mtu wa usafi, na mimi. Wagonjwa walikuja, tena mapema kuliko nilivyotarajia, maana wengi walinifuata. Mwezi wa pili chumba cha kusubiri kilijaa. Nilikuwa nikitoka chumbani kwangu nikikiona kile chumba, moyo unatulia: hesabu yangu ya kulia inatimia.

Mwisho wa mwezi ule sikuwa na fedha ya kulipa mishahara.

Nataka nieleze vizuri jinsi jambo hili linavyotokea, kwa sababu kabla halijanipata nilidhani kliniki hufilisika kwa kukosa wagonjwa. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wa bima. Mgonjwa wa bima haachi fedha mezani, anaacha sahihi. Sahihi ile ndiyo tunaijazia fomu ya madai, na madai hukusanywa mpaka mwisho wa mwezi yakatumwa. Bima huyapitia, ikakubali mengine, ikakataa mengine, ikayarudisha mengine yarekebishwe, kisha ndipo ilipe. Nilipokuja kupiga wastani wa mwaka wa kwanza, kutoka siku ya kumwona mgonjwa hadi siku fedha inaingia benki zilipita siku 74. Glovu, dawa za ganzi na vitendanishi nilikuwa nimevilipia siku ya kwanza. Muuguzi anadai siku ya 30. Kwa hiyo kila mgonjwa mpya wa bima aliyeingia mlangoni alikuwa, kwa miezi miwili na nusu ya mwanzo, ananiongezea upungufu. Kadiri kliniki ilivyojaa ndivyo nilivyozidi kukaukiwa. Nililipa mishahara ile kwa akiba iliyokuwa ya nyumba.

Halafu kuna yale yaliyokataliwa. Mwezi wa tano lilirudi bunda la fomu 41. Nilikaa nazo usiku mmoja baada ya wafanyakazi kuondoka, nikazifungua moja moja. Moja tarehe ya kuzaliwa haikulingana na ya kwenye kadi. Nyingine ugonjwa umeandikwa kwa namba isiyoendana na kipimo kilichofanyika. Kisha nikafika kwa mzee mmoja mwenye kisukari, aliyekuja na kidonda kwenye unyayo chini ya kidole gumba. Fomu sita, mahudhurio sita. Nilikikumbuka kidonda kile vizuri. Siku ya kwanza kilikuwa na ukingo mgumu mweupe, na nilipoukata kwa kisu, polepole, ngozi iliyokufa ilitoka vipande vipande kama maganda. Mzee hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikisafisha mara sita kwa mikono yangu, kila mara nusu saa na zaidi, na mara ya sita nyama ilikuwa nyekundu, changa, inapanda kutoka chini. Mguu ule ulipona. Fomu zote sita zilikuwa na mhuri wa kukataliwa, kwa sababu siku ya kwanza hatukuiomba bima namba ya idhini kabla ya kuanza, na muda wa kukata rufaa ulikuwa umeshapita.

Sikuwa na uchungu na mzee, wala na mtu wa bima; utaratibu ulikuwepo na sisi hatukuufuata. Ila usiku ule ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa ofisi ya bima pale hospitali. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha fomu kama hizi hazirudi. Miaka tisa nilidhani yeye ni gharama tu. Mwezi uliofuata nikaajiri mtu wa kazi hiyohiyo, nikamlipa zaidi ya nilivyomlipa mtu wa maabara, na mpaka leo sijajutia.

Hesabu za mwaka wa kwanza zikawa hivi. Nilitoa huduma za thamani ya 210. Zilizoingia kweli ni 171. Gharama za kuendesha kliniki zilikuwa 118, na rejesho la mkopo wa vifaa 21. Nilibaki na 32. Theluthi moja ya mshahara niliouacha, na pensheni hakuna.

Dada yangu alipoziona hakunisimanga. Aliniuliza swali moja tu: katika kila ada ninayotoza, kiasi gani ni cha kazi yangu na kiasi gani ni cha kila kitu kinachonizunguka? Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta kama kuna waliowahi kulitenganisha, nikakuta lipo jibu la zamani. Marekani, tangu mwaka 1992, bima ya serikali ya Medicare huwalipa madaktari kwa jedwali lililotokana na utafiti ulioongozwa na William Hsiao wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kila huduma hupewa pointi, na pointi zile zina mafungu matatu: kazi ya daktari mwenyewe, gharama za kuendesha kliniki, na bima ya dhima. Ukiyajumlisha mafungu hayo kwa huduma zote, kazi ya daktari ni takriban nusu tu. Gharama za kliniki zinakaribia 45 kati ya 100. Bima ya dhima huchukua kama 4.

Nilirudi kwenye karatasi yangu ya mwanzo. Nusu ya 260 ni 130. Hiyo ndiyo namba niliyopaswa kuiandika kulia, tena kwa kudhani kila mtu analipa na kila fomu inapita. Na kushoto nilipaswa kuandika 121. Namba 121 na 130 zikikaa pamoja, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuza usingizi wake kwa tofauti hiyo bila kufikiri mara mbili.

Jambo la pili nililojifunza katika kusoma kule lilinibadilisha namna ninavyoitazama hospitali. Nilikuwa naamini kwamba hospitali haiwezi kumlipa daktari zaidi ya anachoingiza kwa mikono yake, na kwamba aliyejiajiri lazima amzidi. Si lazima. Daktari aliyeajiriwa anapoandika kipimo cha maabara, picha, au kumlaza mgonjwa, fedha za huko zote huingia hospitali. Na kuna mifumo inayoongeza juu ya hapo. Marekani huduma ileile iliyotolewa kwenye kliniki inayomilikiwa na hospitali imekuwa ikilipwa kwa mistari miwili, wa daktari na wa jengo, jumla ikizidi anacholipwa daktari mwenye kliniki yake. Sheria ya mwaka 2015 ilikuja kuibana sehemu tu ya tofauti hiyo, kwa vituo vipya vilivyo nje ya eneo la hospitali. Hospitali yenye mistari miwili inaweza kukupa mshahara ambao kliniki yako yenye mstari mmoja haitakupa, hata ukifanya kazi ileile kwa ustadi uleule. Ndiyo maana sikushangaa nilipoona takwimu za chama cha madaktari cha nchi hiyo: mwaka 2012 madaktari 60.1 kati ya kila 100 walikuwa kwenye kliniki zinazomilikiwa na madaktari wenyewe, na mwaka 2022 walibaki 46.7. Sababu iliyotajwa sana na waliouza kliniki zao kwa hospitali ilikuwa hitaji la nguvu ya kujadiliana bei na bima. Mimi niliyewahi kukaa peke yangu mbele ya ofisa wa bima na orodha ya bei aliyokuja nayo tayari, naielewa sababu hiyo bila kuelezwa.

Lakini kujitegemea kwenyewe kuna sura nyingi, na hili vijana wengi hawalijui. Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya afya ya taifa mwaka 1948, mabingwa wa hospitali waliingia kwenye mshahara huku wakiruhusiwa kuendelea kuona wagonjwa binafsi. Madaktari wa familia waliukataa mshahara. Walibaki wenye kliniki zao, wanaingia mkataba na serikali, na sehemu kubwa ya malipo yao ikahesabiwa kwa idadi ya watu walioandikishwa kwao, wagonjwa wawe wamekuja au hawakuja. Kliniki inayolipwa kwa kichwa na kliniki inayolipwa kwa kila hudhurio zote ni za kujitegemea, ila kwa mwenye kliniki ni maisha mawili tofauti kabisa. Wa kwanza anajua mwezi ujao ataingiza kiasi gani. Wa pili, mvua ikinyesha wiki mbili, anahesabu viti vitupu.

Mimi nilikuwa wa pili, na mwaka wa pili nilivunjika kifundo cha mkono.

Niliteleza ngazini, mkono wa kulia. Plasta wiki sita. Ningekuwa hospitali, ningeleta cheti cha daktari na mshahara ungekuja kama kawaida. Kliniki haina cheti cha kumpelekea mtu. Pango linaendelea, mishahara inaendelea, rejesho la benki linaendelea, na mwenye kuingiza fedha kakaa na mkono kifuani. Nilimtafuta daktari wa kunishikia nafasi, kijana mzuri, nikamlipa kwa siku. Wagonjwa wapya walimkubali. Wa zamani walisema watanisubiri. Kwa wiki zile sita alichoingiza na alichonidai vilikaribia kulingana. Mwaka ule nilibaki na 76, na bado nauona kama mwaka niliookoka.

Sasa niseme jambo ambalo ni zito kwangu kuliko hesabu zote hizi. Nilikuwa nimekopa kununua mashine ya altrasaundi. Wiki moja, rejesho lilikuwa Ijumaa na benki haikuwa na cha kutosha. Jumatano akaingia mama mmoja, maumivu chini ya kifua baada ya kula, miezi miwili, hakuna homa, hakupungua uzito, tumbo laini. Nilishajua nitampa nini na nimwone tena baada ya muda gani. Kalamu yangu ikawa tayari imeandika altrasaundi ya tumbo. Sikuamua kuiandika. Niliikuta imeandikwa. Nilikaa nikiitazama ile fomu, mama ananisubiri niseme neno, nikaona wazi kwamba kile kipimo kilikuwa kinatibu Ijumaa yangu. Nikaikata fomu. Nikamweleza dawa, nikamwambia dalili zipi zikitokea arudi haraka. Rejesho nililichelewesha, nikalipa na faini.

Sitaki mtu asome hapo kwamba mwajiriwa amesalimika. Miaka yangu ya mwisho hospitali tulikuwa na kikao cha kila mwezi ambapo ubao ulionyesha kila daktari ameingiza kiasi gani, na waliokuwa chini waliulizwa kulikoni. Sehemu ya bonasi yetu ilifuata ubao ule. Nilikuwa nakwenda wodini baada ya kikao nikiwa na ule ubao kichwani. Tofauti niliyoiona ni kwamba hospitali, shinikizo lilikuja na mtu ambaye ningeweza kubishana naye, na kuna siku nilibishana. Kwenye kliniki yangu hakukuwa na wa kubishana naye. Mshinikizaji na mshinikizwa walikaa kiti kimoja. Tangu siku ya yule mama, kila robo mwaka ninachomoa mafaili 20 bila kuchagua, nampa daktari mwenzangu asiye na hisa kwangu, ananiambia kipimo gani yeye asingekiandika. Inauma, na sijaacha.

Mwaka wa tatu kliniki iliingiza 262. Hii ndiyo namba niliyoiandika kulia kwenye ile karatasi, karibu sawasawa. Gharama 140, rejesho 21, nikabaki na 101. Nilimpigia dada simu kwa furaha: nimeurudisha mshahara wangu! Akaniuliza nimefanya kazi saa ngapi.

Tukakaa tukapiga. Hospitali, pamoja na zamu, nilifanya wastani wa saa 55 kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka, kwa 121. Kliniki nilikuwa nafanya saa 66, tukijumlisha usiku wa makaratasi na Jumamosi, wiki 49. Kwa kila saa nilikuwa napata kama theluthi mbili ya nilichokuwa napata nikiwa mwajiriwa. Na hapo hatujahesabu simu za usiku. Hospitali kuitwa usiku kuna posho yake. Mgonjwa wa kliniki yako anapokupigia saa nane usiku mtoto ana homa, unaongea naye bure, na huwezi kutoongea naye.

Mwaka wa nne nikabaki na 113. Wa tano mkopo ulikwisha, ikawa 141. Nikamuuliza rafiki yangu tuliyeajiriwa siku moja, aliyebaki: mshahara wake ulikuwa umepanda, na ukijumlisha marupurupu yake unafika kama 139, kwa saa zilezile 55. Mimi nilikuwa nimezipunguza zangu zikawa 58, wiki 47. Kwa hiyo baada ya miaka mitano ya kazi hii, kwa saa, bado alikuwa ananizidi kidogo.

Yeye na mimi ni madaktari wa kawaida wa kuona wagonjwa wa kila aina, na hesabu hii ni yetu. Daktari wa magonjwa ya akili anahitaji chumba tulivu, viti na daftari. Gharama zake ni ndogo sana, na kwake kujiajiri kunaweza kulipa tangu mwaka wa kwanza. Bingwa wa upasuaji mkubwa anahitaji chumba cha upasuaji, wa usingizi, damu, na vitanda vya uangalizi. Asipokuwa na hospitali nyuma yake, ameajiriwa au ana mkataba wa kutumia chumba chake, hana kazi. Anayekwambia kwa jumla kwamba kujiajiri kunalipa au hakulipi, muulize kwanza anatibu nini.

Mwanzoni mwa mwaka wa sita dada yangu alikuja kliniki jioni, akaomba hesabu za mwaka uliopita. Alitazama ile 141 kwa muda. Akaniambia bado nachanganya vitu viwili. Humo ndani kuna ujira wa daktari aliyefanya kazi saa 58 kwa wiki, na kuna faida ya mtu aliyeweka akiba yake yote ndani ya jengo hili, na watu hao wawili nimewaweka mfuko mmoja kwa miaka mitano.

"Ukiondoka leo, utamwajiri daktari wa kukaa kiti hiki kwa kiasi gani?"

Nikafikiria kwa uaminifu. Mwenye uzoefu wangu, kwa saa zangu, asingekuja chini ya 120.

"Basi hiyo 120 ni mshahara. Jilipe kila mwezi, iwe kwenye gharama kama ya muuguzi. Kitakachobaki ndicho kliniki imekipata."

Kilichobaki kilikuwa 21. Nilikiangalia. Miaka mitano, akiba ya nyumba, mkono uliovunjika, na kliniki yenyewe kama biashara ilikuwa inaingiza 21. Nilifarijika, kusema kweli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua ninachokishika. Ningeweza kumwambia daktari mwenzangu anayetaka kuingia ubia: mshahara wako utakuwa huu, na hisa yako ni ya hiki. Nimeshaingia ubia na wawili tangu hapo, na mazungumzo yetu ya fedha huchukua muda mfupi.

Mwezi ule muuguzi wetu mkuu, ambaye ndiye huandaa orodha ya mishahara, alikuja chumbani kwangu na karatasi mkononi. Mapokezi, maabara, mtu wa bima, yeye mwenyewe na mwenzake, mtu wa usafi, na chini yao jina langu, kwa mara ya kwanza. Safu ya cheo mbele ya jina langu ilikuwa wazi.

"Hapa niandike nini, Dokta? Mwenye kliniki?"

Nikamwambia aandike daktari.